Malale na Kuhamishwa kwa Waha

Katika magonjwa yaushambuliayo ubongo wa mwanadamu, malale yana mahali pa pekee katika historia ya Buha, maana hayakuua watu tu, bali yalibadili sura ya nchi. Mwaha wa Heru, Muhambwe au Buyungu alizoea kujenga mbalimbali na jirani yake, na kati ya kaya na kaya palikuwa na miombo, makao ya ndorobo.

Ndorobo amwumapo mtu huweza kumwachia kijidudu kiitwacho tripanosoma. Kwanza hukaa damuni, kisha hupenya ubongoni. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, maneno humpotea, hata jamaa zake humdhania mwenda wazimu. Asipotibiwa, aghalabu hufa kabla ya miezi sita kupita. Damu ya binadamu ina protini, itengenezwayo kwa jeni ya APOL1, iuayo tripanosoma wengi wa wanyama. Lakini kijidudu cha mashariki kina jeni yake, SRA, iibatilishayo kinga hiyo.

Siri hiyo ilifumbuliwa kati ya 1998 na 2003. Serikali ya Kiingereza haikuwa nayo ilipoanza, mwaka 1933, kuwahamisha Waha kwa maelfu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Hoja ya watabibu haikuwa dhaifu: watu wengi wakikaa karibu na kufyeka miti, ndorobo hukosa kivuli. Lakini mkusanyiko huo (nani asiyeliona?) ulirahisisha pia kazi ya mtoza kodi, na mhamiaji aliacha nyuma makaburi ya wazee wake.

Tena mashamba yaliyoachwa yalirudiwa na pori, na pori likarudiwa na wanyama. Mwaka 1958 kijidudu cha malale kilipatikana Kenya ndani ya pongo, naye haonekani kuugua. Basi dawa ya kuwahamisha watu ilikuwa imempa ndorobo nchi pana zaidi. Waha walihamishwa tena katika Operesheni Kigoma ya 1972, safari hii kwa jina la ujamaa.

Melasoproli ya 1949, dawa yenye aseniki, iliua kama wagonjwa 5 katika 100. Vidonge vya feksinidazoli viliingizwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa aina hii mwaka 2024. Na warina asali wa Kibondo wangali wakiingia miomboni.