Pikipiki inashindwa mlima: ubadilishe nini nyumbani kwa pesa kidogo, na uache nini

Katika teritware ya Lubero, na katika miji ya Butembo na Beni, pikipiki ndiyo inabeba karibu kila kitu: mgonjwa, mwanafunzi, gunia la viazi kutoka Luotu, bidoni za mafuta ya mawese. Nyingi ni TVS na Bajaj Boxer, za kampuni za India, na zinatufikia kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili na barabara ya kawaida. Kwetu zinabeba kupita hapo, tena zinapanda milima.

Ndiyo maana vijana wengi, zaidi sana wale walioanza kazi ya moto juzi juzi, wanaingia ku garaje na neno moja tu: « Fundi, niongezee nguvu. » Wengine hawana pesa ya fundi, wananunua piesi sokoni na kuifunga wenyewe mbele ya nyumba. Kazi hiyo si mbaya, na mtu mwenye kle chache na uvumilivu anaweza kuifanya vizuri. Lakini kuna piesi zinazosaidia, kuna zinazoua motere, na kuna zinazoua watu. Tuzitenganishe.

Kwa nini pikipiki inachoka huku kwetu

Motere inahitaji esanse na hewa. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Butembo iko kwenye urefu wa mita 1 700 na zaidi juu ya bahari, na milima mingi ya Lubero inapita mita 2 000. Kwenye mita 1 700 hewa imepungua karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani ya bahari. TVS HLX 125, yenye motere ya sentimita kibu 124,5, inauzwa na nguvu ya farasi kama 11. Huku kwetu zinabaki kama 9 hivi, hata ikiwa mpya kabisa.

Kuna jambo la pili. Karabirateri inatoka kiwandani ikiwa imepimwa kwa nchi za chini. Huku juu inaendelea kumwaga esanse ileile wakati hewa imepungua. Motere inapata esanse nyingi kupita kiasi, inatoa moshi mweusi, inakula pesa na haivuti.

Kwa hiyo shida mara nyingi si udogo wa motere. Ni kwamba haijapangwa kwa milima yetu, na kupanga hakuombi pesa mingi.

Mbele ya nguvu, freni

Fundi mwenye akili atakuuliza kwanza unasimama namna gani, ndipo aulize unapanda namna gani. Pikipiki nyingi za kazi ziko na freni za ngoma, mbele na nyuma. Kwenye mteremko mrefu ngoma inapata joto, na freni « inalala »: unakanyaga na hakuna kitu.

Mbele ya kununua piesi ya nguvu, tazama mashwari ya freni (yale mawili ya nusu mviringo ndani ya ngoma). Karibu na ngoma kuna alama inayoonyesha uchakavu. Ikifika mwisho, badilisha. Ni kati ya piesi za bei ndogo kabisa kwenye pikipiki. Ukifungua, futa vumbi kwa kitambaa kilicholowana, usilipulize kwa mdomo. Usiache mafuta au grisi iguse mashwari.

Tazama pia mipira, na amortiseri za nyuma. Kwenye pikipiki nyingi amortiseri hizo ziko na pete ya kuzungusha yenye hatua kadhaa. Ukibeba mizigo, ipandishe hatua moja au mbili, pande zote mbili sawa. Hiyo hailipishwi hata franka moja, na wengi hawajui kama iko.

Pinyo na kurone: hapa ndipo mlima unapatikana

Pinyo ni ile piesi ndogo ya meno karibu na motere. Kurone ni ile kubwa ku gurudumu la nyuma. Mnyororo unaziunganisha. Ukipunguza meno ya mbele, au ukiongeza ya nyuma, pikipiki inavuta zaidi lakini mbio zake zinapungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme una pinyo ya meno 14 na kurone ya meno 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Weka pinyo ya 13: 42 gawanya kwa 13 ni 3,23. Umeongeza mvuto karibu asilimia 8. Lakini kwa mzunguko uleule wa motere, pale ulikuwa unaenda kilometa 80 kwa saa, sasa utaenda kama 74. Jino moja la mbele lina uzito wa meno matatu hivi ya nyuma, na pinyo iko bei ndogo kuliko kurone. Hesabu kwanza meno ya pikipiki yako mwenyewe, halafu ufanye hesabu hiyo.

Anayefanya kazi Kyondo, Masereka ao Luotu atafaidika. Anayekimbia kila siku Beni–Kasindi abaki na pinyo yake, la sivyo motere italia kwenye tambarare na esanse itaisha mbio.

Mabadiliko haya yako na faida nyingine isiyosemwa sana: ukiteremka ukiwa ndani ya vitesi, motere inashikilia pikipiki kwa nguvu zaidi, na freni inapumzika. Lakini haina maana kwa yule anayezima motere na kuteremka bure ili asitumie esanse. Yeye anaacha kazi yote kwa ngoma mbili ndogo, na kule chini hakuna atakayemrudishia.

Namna ya kuifunga

1. Simamisha pikipiki kwa staa ya katikati, mahali pa tambarare, motere ikiwa baridi. Piga foto na telefone mbele ya kufungua kitu chochote.

2. Ondoa kifuniko cha pinyo, safisha matope. Weka vitesi ya kwanza, mwenzako akanyage freni ya nyuma, wewe ulegeze bulo za pinyo wakati mnyororo ungali mahali pake. Ukiondoa mnyororo kwanza, pinyo itazunguka bure.

3. Legeza ekru kubwa ya gurudumu la nyuma na vikazo vya mnyororo, sukuma gurudumu mbele, fungua klipu ya mnyororo.

4. Badilisha pinyo, rudisha kile kibati kinachoizuia isitoke. Kibati kikiwa kimechakaa, nunua kingine.

5. Rudisha mnyororo. Klipu iko na upande uliofungwa na upande ulio wazi. Ule uliofungwa uangalie kule mnyororo unaelekea. Ukigeuza, klipu inaweza kuruka njiani.

6. Kaza mnyororo, lakini uache ucheze sentimita 2 mpaka 3 katikati, upande wa chini. Zungusha gurudumu na upime pale unapokaza zaidi. Alama za kushoto na za kuume zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande.

7. Kaza ekru kubwa mpaka mwisho, rudisha gupiye yake. Kama ulilegeza ule mkono wa chuma unaoshika ngoma ya freni, hakikisha bulo yake imekazwa. Mkono huo ukifunguka, ngoma inazunguka pamoja na gurudumu, na gurudumu linaweza kufungwa gafula.

8. Gurudumu likirudi nyuma, freni inajikaza yenyewe. Ipange upya: gurudumu lizunguke bila kukwaruza, na pedali ishike mapema.

Kama meno ya zamani yamekuwa makali sawa msumeno, usifunge pinyo mpya juu ya mnyororo mzee. Vitaharibiana. Subiri upate pesa ya vyote vitatu pamoja.

Jikleri: kubwa si nguvu

Jikleri ni kile kitundu kidogo cha shaba ndani ya karabirateri, kinachopitisha esanse. Kiko na namba. Kosa la kila siku ni kununua chenye namba kubwa ili « motere ikunywe zaidi ». Tumeona kwamba huku juu motere tayari inakunywa kupita kiasi. Kwetu mara nyingi dawa ni kuteremsha namba, hatua moja kwa mara moja.

Bujii ndiyo itakuambia. Panda mlima na gazi kubwa, kisha uzime motere palepale, usubiri ipoe kidogo, utoe bujii. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, esanse ni nyingi. Ikiwa ya kahawia au kijivu, iko sawa. Ikiwa nyeupe, esanse ni kidogo, motere inaungua ndani: rudisha jikleri ya mbele siku hiyohiyo. Ukirudisha bujii, anza kuizungusha kwa vidole, ndipo utie kle. Kichwa cha motere ni cha aluminiyu, na mnyororo wake wa skuru ukikatwa, hasara yake inapita bei ya kazi yote.

Angalia pia safari zako. Yule aliyepangia karabirateri mlima wa Kyondo na kisha anateremka Kyavinyonge, kando ya ziwa Eduardi lililo karibu mita 900, anakuta hewa nzito zaidi. Esanse inakuwa kidogo, joto linapanda, pistoni inaweza kushika. Mwenye kufanya njia zote mbili achague namba ya katikati.

Kazi ya karabirateri inamwaga esanse. Funga robine kwanza. Usiifanye karibu na mbabula, wala usiku na mshumaa, wala jikoni kwa mama. Esanse ya kadafi uichuje, maana maji na mchanga wa chupani vinaziba kitundu hicho, na utafikiri jikleri ni mbaya kumbe iko tu chafu.

Vitu vya kuacha

Kuondoa filtri ya hewa. Vijana wanasema motere inapumua vizuri. Inapumua vumbi la barabara. Vumbi linakula segma na silinda, na nyuma ya muda unaona moshi wa buluu na mafuta ya motere yanaisha. Safisha filtri mara kwa mara wakati wa kiangazi, ao uibadilishe. Bei yake haifiki hata karibu na bei ya pistoni na alezaji.

Kutoboa eshapema. Inaongeza makelele kuliko nguvu, na mara nyingi inapunguza mvuto wa chini, ule hasa tunaouhitaji ku mlima. Na katika jimbo ambalo liko chini ya hali ya dharura tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, ambamo watu wengi wanalala sikio wazi, pikipiki inayolia sawa risasi si mchezo. Inaamsha kijiji, na inaweza kumtia woga mtu mwenye silaha.

Kufunga silinda kubwa ao motere ya namba nyingine. Kazi hii si ya mwanzilishi. Ongeza jambo la karatasi: namba ya motere na ya shasi zimeandikwa ku karte roze. Zisipolingana, kwenye barieri utaonekana mwizi, na kueleza kwako kutakugharimu siku nzima na pesa.

Kama pikipiki si yako

Wamotari wengi wanaendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea versema. Mbele ya kubadilisha hata pinyo, mwambie mwenye mali, mkubaliane nani analipa na piesi ya zamani inabaki kwa nani. Piesi ya zamani usiitupe. Siku tajiri anaiomba, ao siku mpya inakatika, utaihitaji.

Ununue nini kwanza

Kwa mwenye pesa kidogo, mpangilio ni huu: mashwari ya freni na mipira, filtri na bujii, mnyororo, pinyo na kurone, mwisho jikleri. Fanya badiliko moja, endesha siku mbili tatu, ndipo ufanye lingine. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na pikipiki ikaanza kusumbua, hutajua mwenye kosa ni nani.

Sokoni, beba piesi ya zamani mkononi, uilinganishe na mpya: meno, tundu la katikati, unene. Kopi ziko mingi, na boksi nzuri si ushahidi. Uliza bei katika maduka matatu mbele ya kutoa pesa.

Nyuma ya kufunga, jaribu kwanza bila mteja, polepole, kwenye tambarare: freni ya mbele, freni ya nyuma, zote mbili. Halafu mlima mdogo. Ukirudi, gusa kila ngoma kwa tahadhari. Ile yenye joto kali bila sababu inakwaruza. Kisha kaza tena ekru na bulo zote ulizofungua. Mteja anayepanda nyuma yako kesho asubuhi hajui ulifungua nini jana, na hana namna ya kuuliza wakati mmeshaanza kuteremka.