Uraibu Ulioingia Shuleni

Yako makosa ambayo mtoto huyazua mwenyewe, na yako makosa ambayo huuziwa. Kwa kosa la kwanza adhabu yaweza kutosha. Kwa la pili yatakiwa tiba pia, maana aliyelitenda hakuwa peke yake. Insha hii yalifuata kosa moja la namna ya pili, uvutaji wa sigara za elektroniki katika shule za Marekani, ili kuonyesha jinsi shule hizo zilivyojifunza, kwa gharama ya watoto, kutofautisha adhabu na malezi.

Ulikuwako wakati ambapo nchi hiyo haikuona haya kwa tumbaku shuleni. Katika miaka ya 1960 na 1970 shule kadha wa kadha za sekondari zilitenga mahali ambapo wanafunzi waliruhusiwa kuvuta sigara. Baadaye nia ilibadilika. Mwaka 1994 sheria ya serikali kuu ilikataza uvutaji ndani ya majengo ya shule zipatazo fedha zake. Mwaka huo huo sheria nyingine ilizitaka shule zimfukuze, kwa muda usiopungua mwaka mmoja, mwanafunzi aletaye bunduki. Ukali uliokusudiwa bunduki ukaenea hata kwenye makosa madogo, na kumsimamisha mtoto masomo kukawa jibu jepesi la udhia mwingi.

Katika hali hiyo ndipo sigara mpya ilipoingia. Mfamasia wa China, Hon Lik, aliiunda mwaka 2003 kwa tumaini la kuwaepusha wavutaji na moshi. Lakini chombo cha kumwokoa mvutaji kiligeuka chambo cha asiyevuta. Mwaka 2015 ilitolewa Juul, ndogo mfano wa flashi ya kompyuta, yenye ladha kama ya embe, na nikotini nyingi isiyokwaruza koo. Ilifichika kiganjani. Katika kila wanafunzi 1,000 wa sekondari, waliokiri kuvuta sigara za elektroniki katika siku 30 zilizotangulia walikuwa 15 mwaka 2011. Mwaka 2019 walikuwa 275. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Shule zilishtuka. Nyingine zilifunga vyoo, nyingine zikatundika vyombo vya kutambua mvuke, na waliokamatwa wakasimamishwa masomo. Hatuwezi kuwalaumu walimu kwa ghadhabu yao, kwani wana wajibu kwa watoto wote. Walakini na tuitazame adhabu yenyewe. Mtoto aliyenaswa na nikotini huondolewa mbele ya walimu, ambako kuvuta ni kwa kuibia, akapelekwa nyumbani, ambako pengine wazazi wamekwenda kazini na kuvuta ni kwa nafasi. Masomo humpita, haja haimpiti. Arudipo ana deni la masomo na uraibu ule ule. Tangu mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilikwisha kuonya kwamba ukali usiopima uzito wa kosa haukuleta nidhamu wala usalama uliotarajiwa.

Ndipo njia nyingine ikatafutwa. Chama cha Mapafu cha Marekani kilitoa mafunzo yaitwayo INDEPTH, ambayo mkosaji huyahudhuria mara nne badala ya kusimamishwa, ajue nikotini inavyomtawala na namna ya kujinasua. Chuo Kikuu cha Stanford kilitunga masomo ya kinga kwa wasioanza bado. Faida ya msaada yaweza kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, vijana wa miaka 13 hadi 17 waliopelekewa ushauri kwa ujumbe wa simu, 37.8 kwa mia walikuwa wameacha baada ya miezi saba. Katika wasiopata ushauri huo, walioacha walikuwa 28 kwa mia. Si muujiza, lakini kila aliyezidi ni mtoto wa mtu.

Kufika mwaka 2024 hesabu ya 275 ilikuwa imeshuka hata 78. Si haki kuzipa shule sifa yote: mwaka 2019 umri wa kununua ulipandishwa hadi miaka 21, na mwaka 2022 kampuni ya Juul ilikubali kulipa majimbo dola milioni 438.5 kumaliza uchunguzi juu ya biashara yake kwa vijana. Malipo hayo yana fundisho. Muuzaji aliitwa kujibu baada ya miaka mingi. Mtoto aliadhibiwa siku ile ile aliyokamatwa.

Amri ya shule na idumu, na mvuke ukatazwe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema atupwe.