Kichanga Anayeacha Kunyonya Siku ya Tatu

Mama wa Kiwalani, Dar es Salaam, akijifungua salama, mara nyingi huruhusiwa kesho yake, mtoto ananyonya vizuri. Siku ya tatu au ya nne kichanga anakataa ziwa, analegea, kisha anakakamaa na kuchezesha miguu kama anayeendesha baiskeli. Majirani watasema ni degedege. Hospitalini ataanzishiwa antibayotiki kwa kudhaniwa ana maambukizi kwenye damu, na daktari hakosei, kwa kuwa maambukizi ndiyo yanayowapata wengi. Makala hii inawahusu wachache wasiosaidiwa na dawa hizo.

Baadhi yao wamezaliwa na hitilafu ya kuvunja asidi amino. Ugonjwa mmojawapo ulielezwa na John Menkes huko Marekani mwaka 1954. Vimeng'enya vinavyovunja leusini, isoleusini na valini havifanyi kazi, kwa hiyo protini iliyomo hata kwenye maziwa ya mama inageuka sumu na kuvimbisha ubongo. Nta ya sikio na mkojo hunuka sukari iliyoungua. Asipotibiwa, mtoto hupoteza fahamu ndani ya siku 7 hadi 10.

Duniani ugonjwa huo humpata takriban mtoto 1 kati ya 185,000, na wapo wanaoyahesabu maradhi ya aina hii kuwa ya Wazungu. Dai hilo halina msingi. Qatar, homosistinuria, hitilafu nyingine ya kuvunja asidi amino, humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,800. Afrika Kusini, utafiti ulikadiria kwamba Mweusi 1 kati ya 36 amebeba jeni yenye kasoro ya kuvunja asidi amino iitwayo lisini. Sisi wenyewe tunaujua urithi huu kupitia ualbino: wazazi wote wawili hawana dalili, lakini kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye hali hiyo. Wazazi wakiwa mabinamu, uwezekano wa kubeba kasoro ileile huongezeka.

Njia ya kuwatambua watoto hawa tunayo nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie alianza kupima matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi. Kliniki zetu hutumia karatasi ya namna hiyohiyo kuwapima VVU watoto wa akina mama wanaoishi na virusi: muuguzi anatoboa kisigino, anajaza miduara, anaianika kadi, anaifunga kwenye bahasha na kuituma maabara. Kinachokosekana ni mashine ya kupima asidi amino, nayo si lazima iwe mtaani. Kuanzia mwaka 2003 Qatar ilikuwa ikipeleka kadi zake Heidelberg, Ujerumani.

Pingamizi zito ni tiba. Maziwa maalumu yasiyo na leusini ni ghali, na yanahitajika maisha yote. Lakini hatua za kwanza, yaani kusimamisha protini kwa saa 24 hadi 48 na kumpa mtoto dripu ya glukosi, zinawezekana katika wodi zetu. Hata mtoto akifariki, kadi yake huwaambia wazazi kilichomuua, na mdogo wake atapimwa siku ya kwanza badala ya kusubiriwa alegee.

Sipendekezi kupima kila kichanga nchini leo. Naiomba Wizara ya Afya iongeze agizo moja kwenye mwongozo wa kuhudumia watoto wachanga: yeyote anayelegea bila sababu kujulikana, au asiyepata nafuu kwa antibayotiki, achukuliwe tone la damu kwenye kadi kabla hajaruhusiwa au kuzikwa.