Waliobeba Maji ya Salaita

Salaita si mlima wa kumtisha mtu. Ukiondoka Voi ukashika barabara ya Taveta, ukapita Mwatate, Bura na Maktau, nchi inakuwa tambarare ya udongo mwekundu, miiba na mibuyu, na kilima hicho kimekaa peke yake kilomita chache kabla ya mji. Abiria wengi hawakioni. Macho yao huwa yameshavutwa na Kilimanjaro.

Mnamo 12 Februari 1916, majeshi yalipigana hapo tangu asubuhi hadi alasiri. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa kule Ulaya, na kwa mwaka mmoja na nusu walikishikilia kipande hiki cha nchi ambayo leo ni Kenya. Kutoka Taveta walikuwa wakituma vikosi vya watu wachache, wanatembea katika nyika isiyo na maji hadi kwenye reli ya Mombasa na Nairobi, wanatega baruti, wanarudi. Waingereza walitaka kuwaondoa, na njia ya kufika Taveta ilipita chini ya Salaita.

Nilifika pale kwa sababu ya harusi. Rafiki yangu alikuwa akimwoza binti yake Taveta, na kesho yake kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akaniambia, "Mama, usirudi Nairobi kabla sijakuonyesha mahandaki." Mimi naishi Membley, Ruiru, na safari ya kurudi ni ndefu. Nilikubali kwa adabu tu. Sikuwa mtu wa kufuatilia vita, hasa vita vya wafalme wa mbali waliogombania nchi za watu wengine.

Kijana aliijua habari yake vizuri, na niliyoyasoma baadaye yalithibitisha mengi aliyoniambia. Waingereza walikuja na watu wapatao 6,000, chini ya Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson. Nguvu yao kubwa ilikuwa brigedi ya Afrika Kusini, vijana waliotua Mombasa majuma machache tu kabla ya hapo, wakiwa na imani kwamba hakuna askari mweusi atakayesimama mbele yao. Waliwadharau pia askari wa Kihindi waliokuwa upande wao wenyewe. Mizinga ikapiga kileleni tangu asubuhi, mawe na vumbi vikaruka. Kileleni hapakuwa na mtu wa maana. Meja Georg Kraut alikuwa amewachimbia askari wake mahandaki chini kabisa, kwenye kitako cha mlima, nyuma ya boma la miiba, mahali ambapo jicho la mbali haliwezi kuyaona.

Wale vijana wa Afrika Kusini walipokaribia, bunduki za rashasha zikawapokea. Kisha askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani wakatoka na singe, na brigedi ile ikavunjika. Waliowaokoa ni Wahindi wale wale waliodharauliwa, kikosi cha 130 cha Wabaluchi, ambao walisimama imara hadi wenzao wakaondoka. Inasimuliwa kwamba baadaye Wabaluchi waliwarudishia silaha walizokuwa wameziacha uwanjani, pamoja na ujumbe wa heshima ukiwaomba wasiwaite tena makuli. Upande wa Waingereza, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walizidi 170, wengi wao wa Afrika Kusini. Salaita haikutekwa siku ile. Iliachwa tupu mwanzoni mwa Machi, Jenerali Jan Smuts alipowazunguka Wajerumani kwa upande wa kaskazini, na vita vikahamia kwenye vilima vya Latema na Reata, ng'ambo ya Taveta.

Mpaka hapo nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za wengine. Kilichonibadilisha ni jua.

Tulikuwa tumeshuka kwenye handaki lenyewe. Siku hizi limejaa mchanga na majani, mahali pengine halipiti kiuno, lakini ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bado unaonekana. Ilikuwa saa sita. Chupa yangu ya maji ilikuwa imekwisha, na ulimi umeanza kukauka. Nikamwuliza kijana maji ya karibu yako wapi. "Hapa hapana maji, mama," akasema. "Mpaka Taveta."

Nikauliza, basi watu 6,000 walikunywa nini?

Akaniambia habari ya maji ya Bura. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuanzia mwaka 1915, ikasogea hatua kwa hatua hadi Maktau na Mbuyuni, na maji ya milima ya Bura yakaletwa nyikani kwa mabomba na kwa mabehewa. Lakini bomba lina mwisho, na reli ina mwisho. Kutoka mwisho wake kwenda mbele, kila kitu kilipanda kichwani na mgongoni mwa mtu: maji, risasi, unga, hema la afisa, machela ya majeruhi. "Na hao waliobeba walikuwa watu wa wapi?" nikauliza. Akanitazama kidogo, kwa huruma nadhani, kisha akajibu, "Wengi walitoka bara, mama. Wakamba, Waluo. Na watu wa kwenu."

Watu wa kwenu. Nilikaa juu ya ule ukuta wa mawe, na machozi yakanijia ambayo sikuyatarajia. Nilimwona mtu wa Kiambu, aliyezoea umande wa asubuhi na mto kila bondeni, akisimama katika jua lile na mzigo wa kilo 25 kichwani, katika ugomvi ambao hakuna aliyemweleza chanzo chake.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata juu ya kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ya Nairobi ilikuwa pale Kariokor. Kwanza watu waliitwa kwa hiari na kwa ahadi ya mshahara. Mwaka 1915 sheria ikabadilishwa, wanaume wakachukuliwa kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Machifu walipewa idadi ya kutimiza. Mwaka 1917, vita vilipokuwa vimekwenda mbali kusini, Rufiji, Kilwa na Lindi, ukaja msako mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth, na wilaya za Kiambu, Murang'a, Machakos na Nyanza zikakamuliwa wanaume wao.

Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na tumbo. Mtu aliyekua kwa viazi, mtama, maharagwe na ndizi alipewa unga wa mahindi au mchele, akautia motoni kwa haraka penye kuni mbichi na maji machafu, akala ukiwa nusu mbichi. Kuhara damu kulifuata. Malaria ikafuata, na homa ya mapafu, kwa watu waliolala mvuani na blanketi moja. Makadirio yanayokubalika ni kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya peke yake hawakurudi, na kwa upande wote wa Waingereza idadi inakaribia 100,000. Ukiweka hesabu hiyo kando ya watu 170 wa Salaita, unaona ni wapi vita hivi viliua kweli.

Wala vifo vile havikuwa lazima. Mwaka 1917 Dkt. John Arthur wa misheni ya Thogoto alikwenda vitani na wapagazi karibu 2,000 wa Kikuyu kutoka misheni mbalimbali, wakiwa chini ya viongozi waliowajua na wakiangaliwa na daktari aliyeijua lugha yao. Waliokufa kati yao walikuwa wachache sana kuliko wenzao. Chakula kilichopikwa vizuri na mtu wa kuwajali vilitosha kuokoa maisha. Hili linanichoma zaidi ya mengine yote.

Jioni ile kijana alinipitisha kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta. Ni mahali pazuri, nasema bila kinyongo. Mawe yamenyooka, nyasi zimekatwa, kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Vijana waliofia Salaita wamo mle, na mama aliyekuwa Durban au Johannesburg angeweza kuambiwa mwanawe amelala safu gani. Maktau kuna makaburi ya Wahindi. Voi amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyejeruhiwa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akasisitiza aachwe nyuma na majeruhi wenzake akitumaini kuwaokoa, akauawa, akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Ushujaa wake ni wa kweli na anastahili jiwe lake. Nilizunguka safu zote za Taveta nikisoma majina. Sikuona mpagazi hata mmoja.

Dartnell alikuwa wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, na katika orodha ya maafisa wa kikosi hicho nilikutana na jina ninalolijua tangu utotoni. William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, ndiye aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, jirani yetu hapa Ruiru. Mwaka 1909 alimkaribisha huko Theodore Roosevelt. Vita vilipoanza alijiunga na kikosi hicho, na mwaka 1918 akapewa cheo cha Sir. Alipofariki mwaka 1925 alizikwa kwenye mteremko wa Kilimambogo, ambao asubuhi isiyo na mawingu tunauona kutoka huku kwetu ukiwa umejitandaza upande wa mashariki. Mjane wake akajenga maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, na vizazi vya wanafunzi vimesomea humo, mimi nikiwa mmoja wao.

Simwonei McMillan wivu wa kaburi lake. Ninachosema ni kwamba kutoka nchi hii moja, kati ya Ruiru na Thika, walikwenda vitani mwenye shamba na watu wa vijiji vya kando. Mwenye shamba ana mlima na maktaba. Wale wengine jeshi lilikuwa na orodha zao, maana walilipwa mishahara, na bado baada ya vita wakubwa wa tume ya kifalme ya makaburi ya vita waliamua kwamba sanamu za pamoja zitawatosha wote. Mojawapo ni ile iliyosimamishwa mwaka 1928 kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Ina watu watatu wa shaba, na mpagazi yumo. Ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowaahidi waliokufa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Hakuna jina lililoandikwa.

Mishahara ya waliokufa pia haikufika nyumbani. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, aliipigania kwa miaka, na serikali ikakataa kuilipa kwa jamaa. Wazungu waliorudi kutoka vitani waligawiwa mashamba mwaka 1919 katika nyanda za juu. Mwafrika aliyerudi alipokelewa na kipande cha kuning'iniza shingoni na kodi iliyopanda. Haikuchukua muda hasira ikatafuta sauti, ikaipata kwa Harry Thuku mwaka 1921, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mtu akitaka kujua siasa za Kiambu zilianzia wapi, aanzie kwenye nyika ya Taveta.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ikafungua ukumbusho mjini Cape Town kwa wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo, wengine wao hapa hapa Afrika Mashariki. Kuna nguzo za mbao, na kila nguzo ni ya mtu mmoja, kwa jina lake. Ni 1,772. Kama jambo hilo limewezekana Cape Town baada ya miaka zaidi ya mia moja, linawezekana Taveta, na linapaswa kuanza sasa, wakati bado wapo wazee walioyasikia majina hayo kutoka kwa waliowalilia.

Niliporudi Membley nilimweleza haya mzee jirani yangu, mtu wa Githunguri aliyehamia kwa mwanawe hapa mtaani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kaka ya babu yake alichukuliwa na watu wa chifu, akiwa hajaoa, wala hakurudi. Kwa desturi yetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, kwa hiyo jina la kijana yule likarithiwa na baba mdogo wa mzee, kisha likashuka tena, na leo analo mvulana anayesoma shule ya msingi hapa Ruiru. Mzee alinitajia jina la yule mpagazi, jina la baba yake, mbari yao, na kijiji walichomchukulia. Nimeyaandika yote manne kwenye karatasi, na nimeanza kugonga milango mingine.