Siwindhe na Chekechea

Msomaji wangu, yamkini siku ya kwanza ulipopelekwa shule ya chekechea ulilia langoni; mwalimu akakushika mkono, na mama akageuka akaenda zake sokoni. Watu wawili hao, waliokuwa wakikulea kwa zamu, huenda hawakusemezana mwaka mzima ila maneno mawili matatu ya karo. Wengi hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu awali. La, sivyo. Hapa kwetu Nyanza, kandokando ya ziwa, jambo hili lina historia yake.

Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, katika boma la Mjaluo palikuwa na nyumba iitwayo siwindhe. Humo alikaa mwanamke mzee aliyeitwa pim. Watoto wadogo wa kiume na wa kike walilala kwake, pamoja na wasichana waliokaribia kuolewa. Wavulana walipopata umri kidogo walihamia duol, kibanda cha wanaume, wakasikilize mambo ya ukoo, mifugo na vita. Lakini mwanzo wa elimu ulikuwa kwa pim. Moto ulipofifia ndipo zilipoanza ngano na vitendawili, na aliyejibu ovyo alichekwa na wenzake mpaka kesho yake.

Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, walioandika habari za Siaya, walionyesha neno la ajabu: aghalabu pim hakuwa mzaliwa wa boma lile. Alitoka kwingine, naye alijua habari za watu na nchi ambazo baba wa watoto hakuzijua. Basi mwalimu wa kwanza alikuwa mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Mama akitaka kujua mwanawe ana tabia gani usiku, hakungoja barua. Alivuka ua akauliza. Wala sikuambii kwamba kila lililofundishwa humo lilikuwa jema, maana msichana aliandaliwa zaidi kwa ndoa kuliko kwa nafsi yake. Nasema tu kwamba mlezi na mzazi walionana kila siku.

Mwaka 1906 mmisionari J. J. Willis alianzisha shule ya Maseno. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana wachache, wengi wao wana wa machifu, nao walilala bwenini. Mambo yakapinduka: sasa mtoto ndiye aliyekuwa mgeni kwa mwalimu, na mzazi akabaki nje ya ua. Hata hivyo wazazi hawakuichukia shule. Katika mkutano wa Lundha, Gem, mwezi wa Desemba 1921, miongoni mwa madai yaliyotolewa mbele ya watu lilikuwamo hili, kwamba serikali ijenge shule Nyanza ya Kati.

Baada ya uhuru wa 1963 ukaja wito wa Harambee, na hapo familia ikarudi mlangoni kwa miguu yake. Shule nyingi za chekechea zilijengwa na wazazi wenyewe kwa miti na udongo, nao wakamlipa mwalimu, mara nyingi msichana wa kijiji asiye na mafunzo. Mwaka 1984 kilianzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, kikafuatwa na vituo vya wilaya. Walimu wakahimizwa kukusanya kwa wazee ngano na nyimbo za lugha ya nyumbani. Tangu 2013 kazi hii imo mikononi mwa serikali za kaunti, chini ya Katiba ya 2010. Ni faraja kwa mwalimu kupata mshahara. Lakini mzazi asiyemlipa tena huweza kudhani kwamba hana neno la kusema naye.

Nami nilipata kuliona hilo. Nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu wa ualimu katika kijiji kimoja cha wavuvi. Aliita mkutano wa wazazi saa mbili asubuhi, wakaja wawili. Akaniambia kwa uchungu, “Mwalimu, hawa hawawajali watoto wao.” Nikamwomba tuteremke ufuoni. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri mitumbwi hurudi, na akina mama hununua samaki na kuwaanika kabla jua halijawa kali. Walikuwa pale wote, wameinama juu ya nyavu.

Mkutano ukahamishiwa saa tisa alasiri, pale pale mchangani. Bibi mmoja aliuliza watoto wafundishwa nini, kisha, bila kungoja jibu, akaanza ngano ya Simbi Nyaima, kijiji karibu na Kendu Bay kilichozama majini kwa kumnyima kikongwe pa kulala usiku wa mvua. Mwanafunzi wangu alitoa daftari lake. Alipofika penye mafuriko bibi akanyamaza, akamtazama, akamwambia, “Weka kalamu, mwanangu, usikilize kwanza. Kesho nitakuja darasani nikuandikishe.”