Mwangwi, si Mionzi

Mkazi wa Wote au Mwingi aliyeamka mdomo umekwenda upande na jicho halifumbi, akiambiwa akapigwe skani ya shavu, huelewa. Kero huanza anapokabidhiwa Kiswahili cha wataalamu: "uchunguzi wa mshipa wa fahamu wa uso kwa mionzi ya sauti". Maneno kumi na moja, makosa mawili.

Mshipa ni neno kongwe la Kibantu. Mkamba wa Kitui husema mũkiva, Mkikuyu mũkiha, na Mswahili amelitwika kila mzigo: njia ya damu, ukano, hata ngiri. Ili lisichanganye, wakubwa wa istilahi wakalibandika fahamu, neno la Kiarabu lenye maana ya kuelewa. Hapo ndipo walipoharibu. Neva ya uso (ndio mshipa wenyewe), ya saba katika jozi 12 za neva za kichwa, haina kazi ya kuelewa. Kazi yake kubwa ni kuamuru jicho lifumbe na midomo itabasamu, jambo ambalo Charles Bell wa Uskoti alilieleza tangu 1821. Watetezi wa mshipa hulalamika kwamba neva ni ngeni. Naam, ni ya Kilatini, na huko nako ilianza kwa maana ya ukano! Angalau haigombani na damu.

Kosa la pili ni baya zaidi.

Mionzi ni ya jua na ya eksirei. Mashine ya skani hiyo hutoa sauti inayozidi hezi 20,000, isiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha husubiri irudi. Mtoto anayepaza sauti chini ya jabali la Nzaui, Makueni, analijua jina la kinachorudi: mwangwi. Basi na iitwe picha ya mwangwi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulifikisha pendekezo hilo mbele ya jopo fulani, akajibiwa kwamba mwangwi ni neno la washairi. Jopo lenyewe halikuona ushairi wowote katika sauti yenye mionzi.

Matumizi yenyewe ni mepesi: jeli hupakwa chini ya sikio, neva hupimwa unene inapotoka kwenye fuvu, kwa kuwa ndani ya mfupa sauti haipenyi, kisha ikalinganishwa na ya upande wa pili. Kupooza huku kwa uso huwapata zaidi wajawazito wa miezi ya mwisho, na hao ndio wanaokimbia wakisikia mionzi.