Injini ikinguruma kupita kiasi, tafuta chanzo kabla ya kugusa skurubu

MADEREVA wa magari yaliyotumika kwa miaka mingi wanaifahamu kero hii: gari limesimama kwenye foleni, mguu umeondolewa kwenye akseleta, lakini injini inazidi kunguruma kana kwamba inapanda mlima.

Wengi hukimbilia kwa fundi, naye hutwaa bisibisi na kulegeza skurubu inayodhibiti kasi hiyo. Mngurumo hutulia, malipo hutolewa na gari huondoka. Baada ya siku chache tatizo hurudi, au injini huanza kuzimika kila gari linaposimama. Hii ni kwa sababu dalili ndiyo iliyotibiwa, ilhali ugonjwa umeachwa.

Katika magari mengi ya petroli yenye kabureta, kama vile Peugeot 504 na Toyota Corolla za miaka ya 1970, injini iliyopata moto hupaswa kuzunguka takriban mara 700 hadi 900 kwa dakika gari likiwa limesimama. Asubuhi, choki huweza kuipandisha hadi 1,500 au zaidi. Hilo si kosa, mradi kasi ishuke injini inapopata moto.

Kasi ya injini hutegemea hewa inayoingia. Ndani ya kabureta mna kilango ambacho hufunguka akseleta inapokanyagwa na kufunga inapoachiliwa. Kilango hicho kisipofunga sawasawa, au hewa ikipata upenyo mwingine, injini haiwezi kutulia.

Hivyo basi, ukaguzi uanze na vitu vyepesi. Injini ikiwa imezimwa, kebo ya akseleta ichunguzwe. Ikiwa imekauka, imeota kutu au imevutwa mno, kilango hubaki wazi. Springi ya kukirudisha nayo ikaguliwe, kwa kuwa hulegea kadiri miaka inavyopita. Kisha choki itazamwe, kwani mara nyingi hukwama kwa uchafu.

Hatua inayofuata ni mipira myembamba inayounganisha injini na vifaa vingine. Joto huifanya ikauke na kupasuka. Gasketi iliyo chini ya kabureta pia huchakaa na kupitisha hewa. Mara nyingi, sauti ya mluzi huashiria ufa.

Baadhi ya mafundi hunyunyiza petroli juu ya injini inayonguruma ili kujua hewa inapoingilia. Hiyo ni hatari kubwa, kwa kuwa cheche moja yatosha kuteketeza gari na aliye karibu nalo. Njia salama ni kubana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo, taratibu, na kusikiliza. Mngurumo ukibadilika ghafla mpira fulani unapobanwa, ukaguzi uelekezwe huko. Kazi hii ifanyiwe mahali pa wazi, kwani moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mpira unaohitaji uangalifu zaidi ni ule mnene unaoelekea kwenye kifaa kinachoongezea breki nguvu. Ukipasuka, huweza kuvuruga mngurumo wa injini na pia kuifanya pedali ya breki kuwa ngumu. Gari lenye dalili hizo mbili halifai kuendeshwa kabla ya kurekebishwa.

Iwapo yote hayo ni salama, fundi apime wakati ambapo cheche hutokea katika silinda, kwa sababu ikitangulia mno, kasi hupanda. Skurubu ya kabureta iguswe mwisho kabisa, injini ikiwa na moto.

Magari yasiyo na kabureta, ambayo kompyuta hudhibiti petroli yake, yana maradhi yake. Valvu inayopitisha hewa gari likiwa limesimama huziba kwa masizi na huhitaji kusafishwa. Sensa ya joto ikiharibika, kompyuta hudhani injini ni baridi na kuongeza petroli. Maji ya rejeta yakipungua huweza kuleta hali kama hiyo.

Kasi ikipanda ghafla safarini, dereva akanyage breki kwa nguvu bila kuiachilia, kisha aondoe gia na kusogea kando ya barabara. Gari likisimama ndipo azime injini. Ufunguo usichomolewe gari likiwa mwendoni, kwani usukani huweza kujifunga.

Mpira uliopasuka ni wa bei nafuu ukilinganishwa na petroli inayopotea kila siku kwenye foleni, sembuse gharama ya ajali. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari kuukuu, ufa huo mara nyingi umo chini ya boneti.